Kidonge cha Jana kwa Maradhi ya Leo

Nyumba ya askari, iwe kambini au uraiani, aghalabu haikosi kopo la dawa. Zamani lilikuwa kopo la majani ya chai au la maziwa ya unga. Sasa limejaa mabaki. Mna vidonge vitatu vya malaria vilivyosalia mtoto alipopata nafuu kabla ya kumaliza dozi, vidonge vya maumivu, chupa ya dawa ya kikohozi ambayo kizibo chake kimegandamana, na bahasha ndogo ya karatasi ambayo maandishi yake yamefutika kwa jasho la mkono. Baba yuko zamu mpakani, usiku umeingia, mtoto ana homa: mama hulitegemea kopo hilo kama anavyolitegemea gunia la muhogo mkavu. Si haki kumlaumu. Akiba ni akiba.

Lakini maradhi ya korona, ambayo mgonjwa wake wa kwanza nchini Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi 2020, yaliliweka kopo hilo mbele ya swali ambalo hata mabingwa wa tiba walikuwa wakiulizana. Je, dawa ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya maradhi mengine kabisa, yaweza kumwokoa mtu ambaye mapafu yake yamevamiwa na virusi vipya? Jibu lilipopatikana halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana. Lilikuwa jibu lenye masharti, na masharti hayo yafaa yajulikane jikoni kama yanavyojulikana hospitalini.

Na ichukuliwe nyumba moja ya Ediofe, katika jiji la Arua, isiyo tofauti na nyingi nyingine mwezi Juni 2021. Wimbi la pili la maradhi lilikuwa limeanza. Mume ni askari polisi, amepangwa Koboko, naye hawezi kurudi nyumbani kwa sababu usafiri baina ya wilaya umezuiwa. Mke yuko na watoto wanne, shule zimefungwa, na yuko na mama mkwe aliyepita miaka sitini, mwenye ugonjwa wa sukari. Jumapili moja isiyokuwa na misa, maana makanisa na misikiti ilikuwa imefungwa pia, bibi akaanza kukohoa. Jumatatu akawa na homa na viungo vikamwuma. Jumanne asubuhi jirani, mke wa mwanajeshi, akabisha hodi akiwa na bahasha mkononi.

“Dada, hizi ndizo zile zilizotajwa redioni,” alisema. “Deksamethasoni. Zimewaokoa watu Ulaya. Nimezinunua kabla hazijaisha dukani. Mpe bibi mbili asubuhi na mbili jioni.”

Mke akampigia mumewe simu. Askari yule, aliyekuwa amesimama njiani tangu alfajiri akikagua magari, hakuwa na muda wa mazungumzo marefu. “Mama watoto, kama zipo, mpe. Usingoje mpaka azidiwe.”

Kwa akili ya kawaida maneno hayo ni sahihi. Moto huzimwa ungali mdogo. Tena redio haikusema uongo: tangu mwezi Juni 2020 ilikuwa imethibitishwa kwamba dawa hiyo huokoa maisha ya wagonjwa wa korona. Hata hivyo mke yule alisita, si kwa elimu bali kwa sababu ya sukari ya bibi, akaivuka barabara kwenda kumwuliza sista mmoja mwuguzi aliyekuwa akiishi jirani.

Sista aliitazama bahasha, kisha hakuuliza habari za dawa bali za mgonjwa. “Bibi anapumuaje?”

“Anakohoa, sista, na ana homa. Lakini anapumua vizuri. Tena amenigombeza sasa hivi kwa kuwa uji umechelewa.”

“Basi usimpe, mwanangu. Dawa hii ni ya mtu aliyeishiwa pumzi. Huyu bado ana pumzi hata ya kugombeza.”

Mke alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Kama dawa yaweza kumwokoa mtu mahututi, itakuwaje isimfae mgonjwa ambaye hajafika huko? Ili kulijibu swali hilo yapasa kuanza mbali kidogo, kwa dawa nyingine ambayo wazee wa West Nile waliijua vizuri zaidi.

Dawa hiyo ni klorokwini. Iliundwa huko Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea katika kila zahanati ya nchi zenye malaria. Aliyekulia Arua au Koboko katika miaka ya 1970 na 1980 hana haja ya kuelezwa: uchungu wake uliobaki ulimini hata baada ya kumeza maji, na kule kuwashwa mwili mzima ambako hapakuwa na dawa isipokuwa kujikuna mpaka usingizi uje. Vijidudu vya malaria viliizoea, na Uganda ikaiacha hatua kwa hatua. Mwaka 2004 serikali iliamua kwamba malaria ya kawaida itibiwe kwa dawa ya mseto yenye artemetha na lumefantrini. Klorokwini ikawa habari ya wazee.

Korona ilipokuja, klorokwini na dada yake hidroksiklorokwini zilifufuka ghafula. Sababu zilikuwa za haki. Dawa mpya huchukua miaka mingi na fedha nyingi mpaka imfikie mgonjwa. Dawa ya zamani madhara yake yanajulikana, kiwanda chake kipo, bei yake ni ya chini. Kukiwa na maiti mlangoni, nani angengoja? Tena katika maabara, ndani ya vyombo vya kioo, klorokwini ilikuwa imevizuia virusi vya jamii hiyo. Mwezi Machi 2020 daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, alitangaza matokeo mazuri kwa kundi dogo la wagonjwa wasiofika 40. Rais wa Marekani wa wakati ule, Donald Trump, akaisifu hadharani. Kabla mwezi haujaisha, maofisa wa afya wa Lagos, Nigeria, walikuwa wakitangaza kwamba wamepokea watu waliodhurika kwa kumeza klorokwini kupita kiasi majumbani. Dawa hii ikizidi hushambulia mapigo ya moyo; kwa mtoto mdogo vidonge vichache tu vyaweza kuua.

Uingereza ilishika njia nyingine. Wanachuoni wa Oxford, wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray, walianzisha jaribio kubwa liitwalo RECOVERY katika hospitali za serikali zaidi ya 170. Mgonjwa aliyekubali kushiriki alipigiwa kura na kompyuta: huyu atapata matunzo ya kawaida, yule atapata matunzo hayohayo pamoja na dawa fulani ya zamani. Si daktari wala mgonjwa aliyechagua. Kura hiyo huonekana kama ukatili kwa mtu wa nje, lakini ndiyo roho ya kazi yote. Watu wengi wanaoshikwa na korona hupona wenyewe. Akinywa maji ya limau atapona, akijifukiza kwa majani atapona, akimeza vidonge vya kopo atapona, na sifa zote zitakwenda kwa kile alichotumia. Waliokufa hawarudi kusimulia walikunywa nini. Ni pale tu makundi mawili yanayofanana yanapowekwa sambamba na wafu wa kila upande kuhesabiwa ndipo dawa hupata sifa yake au hunyang'anywa.

Tarehe 5 Juni 2020 hidroksiklorokwini ilinyang'anywa. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa, walikufa 27 katika muda wa siku 28. Kati ya kila 100 wasiopewa, walikufa 25. Faida haikuonekana hata kidogo. Siku kumi baadaye Marekani iliifuta ruhusa ya dharura iliyokuwa imeitoa.

Kwa nini basi ilifaulu ndani ya kioo? Maelezo yake yanapendeza. Majaribio mengi ya kioo yalifanywa kwa chembe za figo za kima. Virusi huingia katika chembe hizo kwa mlango mmoja, na klorokwini huufunga mlango huo. Lakini chembe za mapafu ya binadamu zina mlango mwingine, na virusi vya korona hupenda huo wa pili. Dawa ilikuwa imeweka ulinzi mkali kwenye lango la mbele, adui akapita uani. Askari ye yote aliyewahi kulinda ghala ataelewa.

Kisa cha pili kinaihusu West Nile kwa karibu zaidi, nacho ni cha aivamektini. Chanzo cha dawa hiyo ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, nayo iliwapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure dhidi ya usubi, yaani upofu wa mtoni. Watu walioishi karibu na mito ya West Nile kama Nyagak wameimeza mwaka hadi mwaka: mgawaji wa kijiji huja na fimbo yake, humpima mtu kimo, humhesabia vidonge vyake. Haikuwa ajabu basi kwamba wengi waliiamini. Ni dawa iliyowahifadhi watu macho yao.

Mwezi Aprili 2020 maabara moja ya Australia iliripoti kwamba aivamektini iliviua virusi vya korona katika kioo. Kilichopotea njiani, habari zilipokuwa zikisafiri, ni kipimo: kiasi kilichotumika kilizidi mara nyingi kile kinachoweza kufika katika damu ya mtu bila kumdhuru. Baadaye yakaja maandishi kutoka Misri yaliyodai kuwa dawa hiyo inapunguza vifo sana. Mwezi Julai 2021 yaliondolewa baada ya kasoro kubwa kugunduliwa ndani yake. Jaribio la kura lililofanywa Brazil kwa wagonjwa 1,358, na kutangazwa mwaka 2022, halikuona faida.

Hapo pana jambo moja la kuangalia. Majaribio kadhaa yaliyoonyesha kwamba aivamektini inafaa yalifanyika katika nchi zenye minyoo wengi, hasa mnyoo mdogo sana aitwaye strongiloidi, ambaye huingia mwilini kupitia nyayo na kuweza kukaa humo miaka mingi kimya. Wataalamu wametoa hoja kwamba huenda dawa ilikuwa ikiua minyoo, si virusi. Kumbe mgonjwa wa korona aliyekuwa na mnyoo huyo na akapewa deksamethasoni hukabiliwa na hatari kubwa, maana deksamethasoni humfungulia mnyoo huyo njia ya kuzagaa mwili mzima. Ndiyo maana madaktari wa nchi zetu za joto huweza kumpa mgonjwa wa namna hiyo aivamektini pamoja na matibabu yake mengine. Wanaitoa kama dawa ya minyoo, ile kazi yake ya siku zote.

Asidhani msomaji kwamba dawa ya zamani daima hushindwa. Akina mama wote wa nchi hizi wanayajua matone ya vitamini A ambayo mtoto hupewa kliniki. Kwa muda mrefu kazi yake ilifahamika kuwa ni kulinda macho. Surua, nayo, ni maradhi ya virusi vinavyosafiri kwa pumzi, na wengi wa watoto inaowaua huwaua kwa kichomi. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, Tanzania, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 waliopata matunzo ya kawaida tu walikufa 12. Kundi lilikuwa dogo, na mtu mkali wa hesabu angeweza kusema ni bahati. Lakini mwaka 1990 watoto 189 wa Cape Town walijaribiwa vivyo hivyo: kati ya waliopewa walikufa 2, kati ya wasiopewa 10. Leo mtoto mwenye surua akifikishwa kituo cha afya hupewa vitamini A bila mjadala. Dawa iliyokuwa kabatini kwa ajili ya macho iligeuka kuwa dawa ya kifua, na Mvumi ina sehemu yake katika sifa hiyo.

Remdesiviri nayo ilipita karibu na West Nile. Mwishoni mwa mwaka 2018 ilianza kujaribiwa katika mashariki ya Kongo, wakati Ebola ilipokuwa Beni na Ituri na Uganda yote ya magharibi ikiwa macho. Mwezi Agosti 2019 iliachwa kwa kuwa dawa nyingine mbili ziliizidi. Mwaka uliofuata iliingia katika korona, ikapata kazi ndogo hospitalini. Ni dawa ya sindano na ya bei, haihusiani na kopo.

Sasa irudiwe bahasha ya jirani.

Deksamethasoni ni dawa ya miaka ya 1950. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipoanza mwaka 1977. Hutumika kwa pumu kali, kwa uvimbe wa ubongo, kwa mama anayekaribia kuzaa kabla ya wakati ili mapafu ya kichanga yakomae. Katika miji kadhaa ya Afrika wako pia wanaoimeza ili wanenepe mashavu, na huo ni ujinga ulio ghali. Jaribio la RECOVERY liliwapa wagonjwa 2,104 miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, na kuwalinganisha na 4,321 ambao hawakupewa. Matokeo yalitangazwa tarehe 16 Juni 2020.

Kwa wagonjwa waliokuwa wamewekwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka 41 katika kila 100 hadi 29. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vilishuka kutoka 26 hadi 23. Hayo ndiyo redio iliyoyatangaza, na ni kweli tupu. Lakini palikuwa na kundi la tatu, ambalo habari zake hazikufika mbali: wagonjwa waliokuwa hawahitaji oksijeni. Kati yao, wasiopewa dawa walikufa 14 katika kila 100. Waliopewa walikufa karibu 18. Tofauti hiyo ya mwisho yaweza kuwa ya bahati; faida, hata hivyo, haikuonekana, na dalili zilielekea upande wa madhara.

Sababu yake ni kwamba maradhi haya yana awamu mbili. Katika juma la kwanza virusi vimeingia mwilini na vinazaana. Jeshi la mwili limeamka na linapambana navyo, na homa ile ni kelele za vita. Kwa watu wengi vita huisha hapo. Kwa wachache, katika juma la pili, jeshi hushindwa kusimama hata baada ya adui kupungua; huendelea kupiga ovyo, na kinachobomolewa sasa ni kijiji chenyewe, yaani mapafu. Deksamethasoni haiui kirusi hata kimoja. Kazi yake ni kuliamuru jeshi liweke silaha chini. Amri hiyo ikitoka wakati jeshi linabomoa nyumba za wananchi, huokoa. Ikitoka siku ya tatu, adui akiwa ndiyo kwanza amevuka mpaka, ni usaliti.

Kwa mwenye sukari pana zaidi. Dawa hii huipandisha sukari ya damu, pengine kwa kiasi cha kutisha, na nyumbani hapana wa kuipima asubuhi na jioni. Huweza pia kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Tena si kila kikohozi cha virusi kinaifuata kanuni ya korona: kwa mafua makali ya kawaida deksamethasoni haijathibitishwa kuwa inafaa, na madaktari huiogopa. Jina la maradhi lisipojulikana, kidonge hakina anwani.

Siku hizohizo ndipo mitaa yote ilipokuwa ikizungumzia Covidex, matone ya mitishamba yaliyotengenezwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliyaruhusu mwishoni mwa Juni 2021 yawe ya kusaidia matibabu, si ya kuponya korona. Neno “kusaidia” halikusikika sana katika foleni za kuyagombea. Viuavijasumu kama azithromaisini vilinunuliwa kwa wingi vilevile, ingawa viuavijasumu huua bakteria, na RECOVERY haikuona kuwa azithromaisini inamfaa mgonjwa wa korona. Wala tabia hii haikuanza leo. Katika mafua makuu ya mwaka 1918, yaliyoingia Afrika Mashariki kwa meli na reli wakati askari na wapagazi walipokuwa wakirudi kutoka vitani, kwinini na aspirini zilimezwa kote duniani kwa sababu moja tu: zilikuwapo.

Huko Ediofe, mke wa askari aliirudisha bahasha koponi. Sista alikuwa amempa kazi nyingine badala yake. Bibi apewe maji na uji kila mara, dawa ya kawaida ya kushusha homa, dirisha liwe wazi, watoto walale chumba kingine, anayemhudumia afunge pua na mdomo. Asubuhi, mchana na jioni akae kando ya kitanda na saa ya simu, ahesabu pumzi za bibi kwa dakika nzima wakati bibi hajui kuwa anahesabiwa. Zikizidi 30, au bibi akishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, au midomo ikibadilika rangi, au akianza kuweweseka, asimpigie mtu simu kuuliza dawa. Ampeleke hospitali.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Jumanne jioni pumzi zilikuwa 20. Jumatano 20. Ijumaa homa ilipungua, na mumewe kwa simu akasema, “Umeona? Kumbe angepona tu.” Jumamosi bibi alikula wali kidogo. Jumapili jioni zikawa 24, na mke akahesabu tena akidhani amekosea. Jumatatu alfajiri, siku ya tisa tangu kikohozi kuanza, alihesabu 34, naye bibi hakumgombeza mtu.

Safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Arua si ndefu, lakini siku hizo hata pikipiki ilikuwa haibebi abiria bila mashaka. Kibali kilipatikana kwa msaada wa askari wenzake mume, na gari la jirani likatoka. Huko hospitalini bibi alibanwa kidoleni kwa kile kifaa kidogo kinachosoma oksijeni ya damu, nacho kikaonyesha 86, hali mtu mzima mwenye afya huwa na 95 au zaidi. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akapimwa sukari. Kisha mwuguzi akaja na dawa yake ya kwanza.

Mke aliisoma kwenye karatasi iliyokuwa miguuni pa kitanda, akaisoma tena. Deksamethasoni.

“Lakini hii ndiyo niliyokatazwa,” alimwambia mwuguzi.

“Ulikatazwa lini, mama?”

“Jumanne iliyopita.”

“Jumanne hakuwa akiihitaji,” alijibu mwuguzi. “Leo anaihitaji. Na leo tupo hapa kumpima sukari kila baada ya saa chache.”

Sukari ilipanda kweli siku ya pili, ikabidi achomwe insulini. Siku ya tano oksijeni ilipunguzwa. Siku ya kumi na mbili bibi alirudi nyumbani amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Wengine wengi wa majira yale, waliofika wakiwa wamechelewa au waliokosa mtungi, hawakurudi, na Ediofe ina makaburi ya mwaka huo.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Chanjo, ambazo Uganda ilianza kuzitoa mwezi Machi 2021, zimepunguza sana idadi ya watu wanaofikia awamu ile ya pili. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura mwezi Mei 2023. Dawa nyingine za zamani zimeendelea kupimwa, na Uganda, Kenya na Kongo zimekuwa miongoni mwa nchi 13 za Afrika zilizotangazwa mwezi Novemba 2020 katika jaribio la ANTICOV, ambalo shabaha yake ilikuwa dawa ya kumpa mgonjwa mapema, kabla hajafika kwenye oksijeni. Dawa ya baridi yabisi iitwayo tosilizumabi imethibitishwa kuwa huwasaidia mahututi wanaopewa pia deksamethasoni, ila bei yake haiwezi kutajwa mbele ya mshahara wa koplo. Deksamethasoni imebaki mahali pake: kwa aliyeishiwa pumzi, mkononi mwa daktari.

Ama lile kopo, mke wa askari alilimwaga mezani juma lililofuata. Bahasha ya jirani na vidonge visivyo na jina alivipeleka kwa sista vikateketezwe, maana chooni si mahali pake wala jalalani ambako watoto huchezea. Akabakisha dawa ya homa iliyo na tarehe, pakiti za chumvi za kuharisha, na karatasi aliyoandikia pumzi za bibi siku tisa zile, ambayo hakuwa na moyo wa kuitupa. Aliviweka katika mfuko wa nguo juu ya kabati.

Kopo lilipokuwa tupu bibi aliliomba. Lilikuwa lake tangu awali, alisema, walilichukua bila kumwuliza, na sasa anataka kuwekea majani yake ya chai.